Koki Chini ya Mkwe

Mume wangu alichagua koki kama watu wanavyochagua mchumba, kwa rangi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, nyumba yetu ya Chake Chake imepata bomba, na fundi alimwekea mbele koki mbili za kufungia maji yote ya nyumba. Moja ya chuma, nyeusi, nzito, haina sura. Ya pili ya shaba, ina kigurudumu kinachong'aa kama pete ya harusi. Akachukua ya shaba.

"Basi uwe unaifunga na kuifungua mara kwa mara," fundi akamwambia, "isije ikaganda."

Mume wangu aliisugua kwa ndimu na majivu kila wiki. Kuizungusha hakuizungusha hata siku moja, asije akaichubua.

Tena alitaka ionekane. Akaijengea kishimo kwenye baraza ya mbele, akaifunika kwa kifuniko cha mbao. Mgeni akifika, anafunua, wanaitazama, anafunika. Kifuniko kile kilikuwa juu kidogo kuliko pengine, kikageuka kiti cha mgeni wa heshima. Na mgeni wetu wa heshima alikuwa baba yangu mzazi.

Msimu ule nilianika karafuu zangu mwenyewe, za mikarafuu niliyoachiwa na bibi kule Ole. Majamvi yalijaa ua mzima, harufu ikaingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Zilitaka jua kidogo tu zikauke, na ndani yake nilikuwa nikiiona cherehani nitakayonunua. Karafuu iliyokaribia kukauka ikilowa inavunda, na ikivunda haina mnunuzi.

Baada ya sala ya Ijumaa baba akaja na wazee wenziwe wawili, na beberu wa zawadi. Kwa heshima ya zawadi, mume wangu akamfunga beberu kwenye chuma madhubuti kuliko vyote uani, yaani mfereji wa bomba la maji. Beberu akaona majani upande wa pili. Akavuta. Mfereji ukakatika shingoni, maji yakaruka juu, mazuri ajabu, yamejaa jua, kisha yakaanza kutambaa kuelekea majamvini.

Nikakimbilia mlango wa mbele. Kutoka barazani mbele ya wanaume wageni nisingeweza, basi nikamnong'oneza mume wangu kwenye ufa.

"Mfereji umekatika. Funga koki."

"Baba yako kaikalia."

"Mwambie ainuke."

"Nimwinue mkwe wangu? Kahawa hajaimaliza."

"Karafuu zangu zalowa, bwana."

Akarudi kwa wageni. "Baba, pale kwenye kivuli pazuri zaidi."

"Hapa pananifaa."

"Nahofia mgongo wako."

"Mgongo wangu mzima. Wako una nini, mbona umeinama hivyo?"

Mzee mmoja akasema, "Huyu ataka twende zetu. Yule beberu keshamtia machoni, ataka amle peke yake."

Nikaweka mdomo kwenye ufa. "Baba," nikasema, "umekalia maji yangu, na karafuu za bibi zinaogelea."

Akainuka papo hapo. Mume wangu akafunua, akashika kigurudumu, akakaza meno. Hakikwenda. Baba akaongeza mikono yake. Kigurudumu kikakatika, kikabaki kiganjani mwa mume wangu, safi, kinang'aa.

"Tia kidoleni," baba akasema. "Wengine twendeni uani."

Wakafunga kanzu viunoni, wazee watatu na mume wangu, wakabeba majamvi mbio mbio hadi kitandani kwetu. Nami nimejifunika kanga uso, nawaamrisha. Ulilowa upindo wa jamvi moja tu. Maji yalimwagika mpaka fundi alipofika kutia koki nyeusi.

Tangu hapo baba akawa hakai kabla ya kuifunga na kuifungua kwa mkono wake, na mimi kila Ijumaa maji yakawa yananikatikia bafuni, na povu machoni. Cherehani nilinunua. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona mto wa kile kifuniko, nikautia kishikio, uinuliwe upesi.