Karani Aliyerudisha Jina Kwenye Orodha

Jumanne iliyopita, nikiwa kwa kinyozi, nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba mzee wetu wa Ngara, hapa Nairobi, ameaga dunia. Kinyozi aliniuliza kama ni mtu wa nyumbani. Hatukuwa ndugu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Yeye alikuwa karani mstaafu wa serikali, mtu wa Machakos, aliyemaliza miaka yake ya kazi katika chumba cha mafaili na kuondoka bila hata kukatiwa keki. Tulifanya kazi pamoja msimu mmoja tu. Hata hivyo, nilikaa pale na kichwa kilichonyolewa nusu, machozi yakanitoka mbele za watu, na sioni aibu kusema hivyo.

Wasomaji wa safu hii wanaukumbuka msimu ule. Vita vilikuwa vimezuka katika nchi moja ambako vijana wetu wengi walikuwa wamekwenda kufanya kazi za udereva, upishi na ulinzi. Wenye nchi wakaanza kumshuku kila mgeni. Wakenya wakakusanywa pamoja na wageni wengine, wakafungiwa kambini bila kosa na bila kufikishwa mahakamani. Baada ya kelele nyingi ilikubaliwa kwamba wataachiliwa wale watakaoulizwa kwa majina na serikali zao, na hapo ndipo tulipogundua kwamba serikali yetu haikuwa na majina. Mzee hakumngoja mtu. Aliomba chumba juu ya duka la vitambaa pale Ngara, akaweka meza na kompyuta kuukuu, akatangaza kanisani kwake kwamba mwenye mtu kambini aje amwandikishe. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu, aliniomba niwe napitia orodha kabla haijapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje.

Pasipoti za vijana zilikuwa zimeshikwa na waajiri, kwa hiyo familia zilitupatia zilichokuwa nacho: majina mawili, mwaka wa kuzaliwa na mahali mtu anapotoka. Katika orodha ya kwanza kulikuwa na mistari miwili iliyofanana kila kitu, yote ya Kinoo, kando ya jiji. Mmoja ukafutwa. Ndege ya walioachiliwa ilipotua, alishuka kijana mmoja wa Kinoo, akatuuliza binamu yake yuko wapi. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, wazaliwa wa kwanza wote, wamezaliwa mwaka mmoja, na kila mmoja amepewa jina la babu yao kama desturi inavyotaka, pamoja na jina la ubatizo la babu huyo huyo. Kinoo nzima ingekwambia hivyo ungeuliza. Sisi hatukuuliza.

Saa sita ya siku hiyo tulikuwa tumeketi sebuleni kwa mama wa yule aliyebaki. Mzee alikataa chai kwanza. "Mama," akasema, "kijana wako ameachwa kwa sababu yangu. Jina lake lilikuwa kwa orodha, likatolewa mezani kwangu. Nitalirudisha." Yule mama akajibu: "Pole sitaki, mzee. Mimi nataka kijana yangu." Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, tukaondoka.

Kuanzia kesho yake alikuwa wizarani, katikati ya jiji, kila asubuhi mlango ukifunguliwa. Wakati huo kulikuwa na habari kwamba kambi ingehamishiwa karibu na mapigano, na kila siku iliyopita ilikuwa siku mbaya. Tatizo lilikuwa kwamba kwa hesabu za ofisi ile kijana alikuwa ameshafika nyumbani. "Mzee, huyu kwa system anaonekana alishaland," afisa wa kaunta alimwambia. "File yake imefungwa." Mzee akajibu, "Basi fungua." Hakupandisha sauti, na hakuondoka. Siku ya tano alimleta yule binamu aliyerudi, akamsimamisha mbele ya kaunta na kitambulisho chake mkononi, kisha akamweka mama wa yule mwingine kando yake. "Huyu ndiye alifika," akasema. "Muulize huyu mama kama ni wake." Afisa alimwangalia mama, mama akatikisa kichwa. Watu waliokuwa kwenye foleni walianza kunung'unika, si dhidi ya mzee. Afisa akavuta kiti, akaandika upya, safari hii na jina la baba.

Kijana aliachiliwa wiki kadhaa baadaye, kabla kambi haijahamishwa. Nimesikia wengi wakimsifu marehemu kwa subira, nami nakataa. Ule ulikuwa ukaidi, na nchi hii ina uhaba wa ukaidi wa aina hiyo. Tunao maafisa wengi wanaojua kufunga faili, na wananchi wengi zaidi wanaokubali likishafungwa. Yeye alishinda maisha yake yote kwenye mafaili, akajua kwamba faili ni karatasi na aliyeko kambini ni mtu. Tangu siku ile hakuandika mtu kabla ya kuuliza ni nani mwingine katika ukoo mwenye jina hilo.

Sasa niseme nililolinyamazia miaka yote. Aliyeufuta mstari ule ni mimi. Niliuona umerudiwa, nikaukata kwa kalamu yangu nyekundu, nikajiona hodari. Mzee alijua. Pale sebuleni nilikuwa nimeketi kando yake akisema "kwa sababu yangu", nami nikainamia kikombe changu. Hakuwahi kunikumbusha, na mimi sikuwahi kumshukuru.

Jumatano nilikwenda Kinoo, nikamkuta yule mama akipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye leso. "Yule mzee alikuja siku ile ile," akasema. "Wewe umengoja akufe ndio uje." Kisha akainama akaendelea kupalilia. Hayo ndiyo niliyojifunza kutoka kwa marehemu, na nimejifunza nikiwa nimechelewa: kosa hupelekwa kwa aliyekosewa siku hiyo hiyo, na anayelipeleka ni yule aliyelitenda.