Dirisha la Hermína

Radmila aliuza vifungo kwa miaka ishirini na miwili katika duka dogo la Praha, mji mkuu wa Ucheki, mpaka siku mwenye duka alipofunga akaenda zake. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na mumewe walishaachana, na mdomo wake haukujua kutulia. Akanunua mwavuli wa njano, akasimama kwenye uwanja wa mji wa kale saa nane mchana, akaanza kutembeza watu wasio na hela.

Wateja wake walikuwa wastaafu walioshuka kwenye mabasi ya mikoani na mikate yao mikobani, wanafunzi wa Kipolandi waliolala wanane chumba kimoja, wachumba wa Slovakia waliokuja kwa siku mbili na pesa ya siku moja. Hakuwatoza. Mwisho wa matembezi kila mtu alimpa alichojaliwa. Aliwaonyesha makanisa yanayowashwa joto wakati wa baridi, mkahawa wa kula kwa kusimama ambako supu ya kitunguu saumu inashibisha kweli, na kilima ambacho juu yake unauona mji mzima bure, wakati mnarani, hatua mia kutoka hapo, wanakukamua kiingilio.

Tatizo ni kwamba watu wa aina hiyo hawaingii ndani ya majumba. Wao huangalia kuta tu, kutwa nzima. Kwa hiyo ilimbidi Radmila azifanye kuta ziseme. Hadithi zinazojulikana zilikuwa zimekwisha ladha, kila mwongozaji wa watalii anazo, na kundi hili lilizisikia zikisimuliwa kwa kundi lile pembeni. Basi siku moja ya Novemba, mvua ikinyunya, watu wake wamechoka na wawili wameshaanza kunong'onezana kuondoka, aliwaingiza katika kichochoro kisichotokea popote. Akainua macho, akaona dirisha la ghorofa ya tatu kwenye nyumba ya kijivu, na mdomo ukamtangulia.

"Pale juu," alisema, "aliishi Hermína, fundi wa kushona glavu. Mpaka leo, kila siku saa kumi, husimama dirishani amevaa glavu moja tu, ya mkono wa kushoto, ngozi ya kahawia, uzi mwekundu. Anamngoja mwenye ile ya kulia."

Watu wakainua macho. Hata wale wawili hawakuondoka.

"Huyo Hermína umemtoa wapi, we mama?" aliuliza Vojtěch, mwongozaji mwenzake, jioni wakinywa bia.

"Kichwani."

"Basi nikodishie hicho kichwa, changu kimekauka."

Alisimulia habari ya Hermína kwa miaka mitatu. Mwaka wa pili watu walianza kumwambia wameona pazia la dirisha lile likisogea. Radmila alicheka nao, akawaambia wana bahati. Hakuwaambia kwamba dirisha lile halikuwa na pazia.

Mwaka wa tatu, Novemba tena, alikuja Bi Otýlie. Alikuwa kizee wa miaka themanini na kitu, mfupi, koti lake limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alitoka mkoa wa Moravia kwa basi, kwa nauli ya wazee, akalala hosteli pamoja na wasichana wa chuo ambao, alisema, walimbembeleza achukue kitanda cha chini akakataa, eti huko juu kuna hewa. Njia nzima hakuuliza neno. Lakini walipoingia kile kichochoro aliwapita wote, akaenda kusimama chini ya nyumba ya kijivu na kuinua uso, kabla Radmila hajafungua mdomo.

Radmila akasimulia kama kawaida yake. Alipomaliza, kizee akageuka.

"Mkono wa kushoto," alisema. "Nani alikwambia mkono wa kushoto?"

"Ni hadithi tu, bibi."

"Na uzi mwekundu? Uzi mwekundu tulijua watatu. Mimi, yeye, na mama yetu, na mama yuko kaburini."

Alifungua mkoba, akapekua chini ya mkate na chupa ya chai, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Ilikuwa glavu ya kulia, ya ngozi ya kahawia. Uzi ulikuwa umefifia, lakini ni mwekundu.

Radmila aliinama, akauangalia ule uzi.

"Hermína ni dada yangu," Bi Otýlie alisema, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Alikuja huku kushona. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Akaniachia hii, akasema, ukija kunitembelea tutaziunganisha. Nauli haikupatikana. Ikipatikana, mama anaumwa. Kisha barua zake zikakoma na mimi nikakasirika. Nikakaa na hasira yangu mpaka nikazeeka nayo. Anwani ninayo, ni hii."

"Bibi, nakuapia, nilitunga. Nilikuwa nimesimama hapahapa, nikatunga."

"Hukutunga, mwanangu. Ulisikia."

Walibonyeza kengele. Mtunza nyumba, mzee Havránek, alitoka na ndara miguuni, mdomo umejaa chakula.

"Ghorofa ya tatu? Mnamtaka nani huko, panya? Ni stoo ile. Tangu nianze kazi hapa haijapangishwa."

"Dakika tano tu, bwana," alisema Radmila. "Bibi ametoka mbali."

Akawatazama wote wawili, akameza, akachukua funguo. Alilalamikia ngazi mpaka juu, na mlango ulipofunguka akabaki kizingitini, kwa sababu ya vumbi, alidai. Ndani mlikuwa na viti vilivyovunjika na kabati lisilo na milango. Vumbi la sakafuni lilikuwa limelala kama unga, hakuna unyayo wa mtu wala wa paka. Kioo cha dirisha kilikuwa cheusi kwa uchafu, isipokuwa sehemu moja, ya ukubwa wa uso wa mtu, iliyofutwa kwa ndani ikang'aa.

Bi Otýlie alitembea moja kwa moja mpaka pale. Hakuhitaji kuinama wala kujiinua. Radmila alilisukuma dirisha likafunguka, akasimama kushoto kwake, akiacha nafasi katikati yao bila kujua ni kwa nini, wakachungulia chini. Kundi lilikuwa bado linangoja, watu kumi na mmoja, nyuso zote juu. Kizee akaiweka glavu kwenye ukingo wa dirisha.

"Nimechelewa," alisema. "Nisamehe."

Walipofika chini, msichana wa Kipolandi alimvuta Radmila kando.

"Mama, tuliwaona dirishani. Yule wa katikati ndiye mwenye nyumba?"

Radmila alimlipia kizee usiku mmoja zaidi pale hosteli. Asubuhi walienda pamoja ofisi ya makaburi. Karani alifunua kitabu kinene, akafuata majina kwa kidole, kidole kikasimama. Hermína alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, mwaka wa pili tu baada ya kuja mjini, maiti ikachomwa, na majivu yake yakatawanywa kwenye nyasi za wasio na ndugu.

"Kumbe nilipokuwa namnunia," alisema Bi Otýlie, "hata hayupo." Akalia kidogo, akajifuta, akamega mkate wake nusu akampa Radmila. Wakaula kwenye benchi kando ya zile nyasi. Mchana akapanda basi lake.

Radmila aliacha kupita kile kichochoro. Vojtěch, ambaye aliambiwa yote na kuamini robo, alikichukua yeye.

"Hadithi inalipa, unaitupa?" alisema Februari. "Nimeiongezea chumvi. Sasa wako wawili pale dirishani, kila mmoja na glavu yake. Watu wanalia, nakwambia."

"Ulianza lini kusema wawili?"

"Jumanne iliyopita. Kwani?"

Radmila aliandika barua Moravia usiku uleule. Jibu lilitoka kwa binti wa jirani. Bi Otýlie alifariki usingizini, Jumanne ileile, amelala vizuri tu. Vojtěch aliposomewa aliisukuma bia yake kando. Naye akaacha kupita kile kichochoro.

Radmila bado anatembeza watu, na mwavuli ni uleule, umeshonwa mara mbili. Anawaambia yaliyoandikwa vitabuni, mwaka fulani na mfalme fulani, na bakshishi imepungua, anakula supu mara nyingi kuliko nyama. Wiki iliyopita, karibu na daraja, kundi lilikuwa limechoka na upepo unakata. Akainua macho kwenye roshani tupu ya nyumba moja, na maneno yakamjia yenyewe, laini, yamejipanga: palikuwa na mwanamume, na mbwa asiyebweka. Jina la mwanamume lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Ehe, na pale pana nini, mama?" mtu aliuliza.

Radmila alifunga mdomo. Alisubiri mpaka jina likayeyuka.

"Pale wanakaa watu," alisema. "Twendeni, tusije tukapata baridi."