Asembla ya Tano

Fundi wa cherehani alianza kuchagua asembla wiki moja baada ya kumzika mkewe, na miezi minne ikapita akiwa bado anachagua.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliacha programu ya kufundishia kuzidisha, haijaisha, aliyoiandikia kompyuta kuukuu za nyumbani, zile zinazochomekwa kwenye televisheni na kusoma kazi kutoka kwenye kaseti. Nyumbani ilikuwepo moja, shuleni tatu. Asembla ndiyo inayogeuza maagizo ya herufi kuwa namba ambazo mashine inazielewa. Bila hiyo, kazi ya mwalimu ilikuwa kaseti zisizosomeka na karatasi zilizokunjwa kwenye droo. Asembla yake mwenyewe ilitaka kisanduku cha kuiongezea mashine kumbukumbu, nacho kilikuwa kimeungua.

Basi Fundi akatafuta nyingine. Alizijaribu kwa mistari mitatu minne ya kubuni, ya aina aliyofundishwa na mkewe, kama mtu anayejaribu sindano kwenye kitambaa chakavu, na kila moja akaiandikia kasoro zake kwenye daftari la karakana. Ya kwanza ilimeza kumbukumbu yote. Ya pili ilipakia dakika kumi na tisa, kisha ikagoma. Ya tatu ilisema kuna kosa, isiseme liko wapi. Ya nne ilikuwa kwenye laptopu ya shemeji yake, ikamaliza kabla hajainua kidole. Hiyo akasema ina haraka.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuwa muuguzi, na kila Alhamisi alipita akitoka zamu. Alilisoma daftari akiwa amesimama.

"Shemeji, kwa macho haya ungekufa kapera."

"Dada yako nilimchagua siku moja."

"Haya. Na karatasi zake umesoma mpaka wapi?"

Fundi alikuwa hajazikunjua.

Ndipo shemeji akamweleza kilichomleta: mwalimu mkuu alikuwa anakitaka kile chumba cha kompyuta za shule. Kama Jumatatu programu haipo, zile mashine zingetupwa.

Fundi akachukua ya tano. Ilikuwa ndogo, na mwalimu mpya aliyeshika nafasi ya marehemu angeweza kuitumia kwenye mashine zilezile za shule. Lakini haikusoma kaseti za marehemu, kwa hiyo kila mstari ulipaswa kuchapwa upya kutoka kwenye karatasi. Na haikuwa na nafasi ya yale maelezo mafupi ambayo mwandishi hujiwekea pembeni.

Wakakaa. Shemeji akasoma maagizo, Fundi akachapa.

"Soma na ya pembeni," akasema Fundi.

"Si hayaingii?"

"Najua. Soma."

Akasoma. Ongeza moja. Hifadhi jibu. Rudi juu. Mistari mia mbili na kumi na miwili, na pembeni yake yote hapakuwa na neno juu ya nyumba, wala ugonjwa, wala mumewe.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo, shemeji. Alikuwa kazini."

Miezi minne Fundi alikuwa ameogopa kukuta humo neno la mkewe kwake. Sasa akajua kwamba alikuwa akilingoja pia. Akamuuliza shemeji kama angekunywa chai, akaendelea kuchapa.

Mistari michache ambayo marehemu hakuifikia aliimalizia mwenyewe Jumapili mchana. Mashine ikamuuliza saba mara nane. Akajibu. Ikauliza nyingine. Akajibu mpaka maswali yakaisha, akairekodi programu kwenye kaseti, akaichomoa, na kwenye lebo akaandika: darasa la nne.

Jumatatu aliipeleka shuleni, akamwonyesha mwalimu mpya namna ya kuipakia, akarudi kufungua karakana.