Macho ya Nekoye

Dishon, mchoraji, alimpiga Nekoye picha akiwa kwenye jeneza bila kumwomba Nangila, mama wa marehemu, ruhusa, kisha akamchora macho wazi. Macho hayo Nangila alikuwa ameyafumba kwa vidole vyake mwenyewe.

Kila mwezi, watu wa Kisumu wanapozunguka majumba ya sanaa mjini, Nangila hufunga kibanda chake cha mitumba katika soko la Kibuye na kwenda kusimama mbele ya mwanawe ukutani. Macho yale humtazama kama ya mtoto aliyenyimwa usingizi.

“Mama, si anaonekana hai?” Dishon alimwuliza jana.

“Nilimlaza mimi, wewe ukamwamsha. Sasa nyumbani namsikia akitembea.”

Dishon akacheka, akawageukia wageni.

Nangila hataki Dishon amlipe pesa. Dishon bado ana deni la kushika brashi na kuyafumba macho yale, mtoto alale.