Leo naondoka Mbeya bila gitaa

Jamani, leo nimetoka duka la vyombo vya muziki hapa Mbeya mikono mitupu, na si kwa sababu magitaa hayakuwepo.

Mnajua gitaa langu lilipasuka siku ile bodaboda ilipotuangusha njia ya Idodi. Mkono wangu wa kushoto nao ulivunjika.

Plasta imeshatolewa, kwaya inanisubiri, kwa hiyo asubuhi nikatoka Iringa kutafuta gitaa jingine la aina ileile. Nimeipiga tangu nikiwa binti.

Muuzaji akasema, "Aina hiyo haiji tena, dada. Jaribu hizi hapa."

La kwanza nikaona shingo nene.

La pili, nyuzi ziko juu mno.

La tatu sikujua hata kasoro yake. Mkono tu ulilikataa.

Kulikuwa na baba mmoja amekuja kununua nyuzi, mgongoni kabeba gitaa. Aina yangu kabisa. Akanionea huruma.

"Shika hili langu, mwanangu, ulinganishe."

Nikalishika. Nikajaribu kupanga vidole kwenye nyuzi kwa kodi ya kwanza niliyofundishwa na marehemu baba.

Kidole cha pete hakikufika kwenye uzi.

Nikarudia. Hakikufika.

Yule baba akauliza polepole, "Mkono uliwahi kuumia?"

Nikamrudishia gitaa lake, nikatoka.

Sasa nipo stendi nasubiri basi. Mliowahi kuvunjika mkono niambieni ukweli, msinifariji: vidole vilirudi?