Utando Nilioupakata Hadi Oldonyo Sambu

Nilikimbia mjini kwa sababu ya mashine ya kusaga. Maabara yetu iko Daraja Mbili, na ukuta kwa ukuta na sisi kuna jamaa anasaga mahindi tangu asubuhi mpaka jioni. Malori nayo hayaishi barabarani. Kwa wengine hilo si neno. Kwangu lilikuwa balaa, maana kazi yangu ni kupima jinsi utando wa silikoni unavyotetemeka. Silikoni ndiyo wanayotengenezea vile vidubwasha vya ndani ya simu. Utando wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, tena mara nyingi, na umekazwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma. Unaufungia ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, unaushtua kidogo, kisha unaumulika kwa leza uone utachukua muda gani kutulia. Ukichelewa kutulia, ndio utando mzuri. Sasa mimi kila nikiushtua, jirani anamwaga debe jingine, na mstari kwenye kompyuta unaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji.

Tando nyingine zote zilikuwa zimeshapasuka. Ulibaki mmoja, tena wa kuazima, na Jumatatu ulitakiwa kurudi kwa wenyewe. Dokta anayenisimamia, mtu asiyejua kucheka, aliniambia kwamba bila kipimo safi sura nzima ya tasnifu yangu inaondoka, nami nirudi kufundisha kidato cha pili. Nawapenda wale watoto, lakini jamani.

Ijumaa asubuhi nikafunga safari. Naishiye, rafiki yangu wa chuo, alikuwa amenihakikishia kwamba kwao Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, kumetulia mpaka unasikia ng'ombe akicheua. Kompyuta, leza, pampu na betri nikavipakia nyuma ya Noah ya abiria. Chombo chenye utando sikumwamini mtu nacho. Nikakizungushia blanketi, nikakipakata kifuani. Dereva kuniona tu, akamhamisha abiria wa kiti cha mbele, akanikaribisha kwa jina la mama. Njia nzima aliendesha taratibu, kila tuta akiniomba radhi. Dada mmoja nyuma yangu akamsifu mtoto wangu kwamba hasumbui. Ningesema nini? Nikamwambia ni mpole tangu azaliwe, nikajiegemeza vizuri nikitazama mlima upande wa kulia.

Oldonyo Sambu vumbi lilinipokea kwanza, kisha mama yake Naishiye, ambaye wote humwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Nikamwamkia, watoto wakaniinamishia vichwa niwaguse. Yeyo akanipa stoo ya mahindi yenye kuta za mawe na sakafu ya saruji. Nikapanga vyombo vyangu, nikanyonya hewa, nikazima pampu. Kimya kabisa. Nikajisemea leo ndiyo leo.

Nilikuwa nimesahau kwamba mgeni wa boma moja ni mgeni wa kila boma. Alianza shemeji yake Yeyo na fimbo yake, akafuata mzee wa kanisa, kisha jumuiya nzima ya akina mama na sufuria ya loshoro, ule mseto wao wa mahindi na maziwa mgando, na wimbo juu yake. Mgeni haachwi peke yake, watu watasema amenuniwa. Kila aliyefika alibisha hodi, akakung'uta viatu mlangoni, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za safari na za mvua. Hata mbuzi walikuja kujikuna ukutani. Ilipofika jioni mstari wangu ulikuwa umechafuka kuliko ule wa mjini. Nikajifungia nikalia, si uongo.

Yeyo akanikuta na machozi yangu. Nikamweleza yote, habari ya Jumatatu na ya kidato cha pili. Akasikiliza, macho yake yakatua kwenye lile blanketi.

"Hebu niambie, mwanangu. Kwenu mtu akizaa, watu wanaingia ingia tu ndani?"

"Hapana, Yeyo. Mzazi anaachwa apumzike."

"Hata huku. Na nusu ya kata imekuona ukishuka na hicho kifurushi chako."

Yeyo anaimba kwaya, uongo hataki. Kwa hiyo hakuutangaza. Alikwenda kumnong'oneza mama mmoja tu, yule asiyeweza kutunza siri, kwamba mgeni aliyekuja na kifurushi anatakiwa kuachwa apumzike.

Jumamosi asubuhi niliamka nikadhani nimekuwa kiziwi. Shemeji na fimbo yake hawakuonekana. Ng'ombe walipitishwa mbali, na watoto walipelekwa kucheza kwa jirani. Nikaushtua utando. Mstari ukapanda, kisha ukaanza kushuka, laini, hauna haraka na mtu. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango: akina mama wanakuja na vibuyu vyao! Roho ikaniruka. Wakafika mlangoni wakasimama. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyebadilisha mguu, maana ndani kuna mzazi amelala. Nami nikasimama upande wangu wa mlango, mstari ukishuka mpaka chini kabisa.

Nilipohifadhi kipimo nikafungua. Bibi mmoja wa mbele akanyoosha mikono apewe mtoto. Kwa aibu nikamfunulia blanketi, nikamwonyesha kidirisha cha kioo na kile kipande ndani yake, nikamweleza kwamba kinatetemeka upesi kuliko sikio linavyoweza kufuata.

"Kwa hiyo analia?" akauliza.

"Analia sana, bibi. Ila sauti yake hatuipati."

Akamgeukia Yeyo. "Mimi nimezaa tisa, Mungu hakunipa hata mmoja wa namna hii."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeyo alisemwa, akasamehewa, lakini mafuta ya kondoo, wanayomnywesha mzazi apate nguvu, yakishabebwa kwenye vibuyu hayarudi nyumbani. Nikanyweshwa mimi, kibuyu kizima, nao wakinihesabia mafunda.

Jumapili nikiwa njiani kurudi, mama yangu akapiga simu kutoka Maji ya Chai. Nisipitie mjini, alisema, niende kwake moja kwa moja, na akakata. Nilifika nikakuta nyumba inanukia mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wanaopewa wanawake waliojifungua, na kanga mpya zimekunjwa kitandani. Mmoja wa wale akina mama wa Oldonyo Sambu ana dada yake anayeuza sokoni hapo. Habari ilishafika, masahihisho bado.

Nilimweleza mama. Akaketi, akazishika zile kanga mapajani, na moyo uliniuma kweli. Nikawasha kompyuta nimwonyeshe ule mstari, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Nikamwambia nilichojifunza: kwamba nilitafuta kimya kwa kuhesabu umbali kutoka mjini, kumbe kimya ni watu wanaokupa, na hawakupi mpaka wakuhurumie.

Mama akaufuata mstari kwa kidole, toka juu mpaka chini.

"Hapa kote alikuwa analia?"

"Kote, mama. Kuliko hata tulivyotarajia."

Akatikisa kichwa, akanisogezea bakuli la mtori.

"Kula. Huyu nimempokea. Ila wa pili, Nsia, awe na miguu."