Siku babu alikataa kumpaka kaka yangu tope la maji ya kahawa

Wakuu, mko salama? Mimi ni nyanya ya watu, nachapa kwa kidole kimoja, shule niliona mlango tu. Lakini haya niliyaishi, siongezi chumvi.

Mjukuu wangu anapima maji taka huko Kitale, ati yasishuke na mto kuharibu ziwa. Najivunia huyo msichana! Shida anafikiri hii vita imeanza na yeye. Wapi!

Miaka ya hamsini, wazungu bado wako, kwetu Bungoma kulikuwa na kiwanda cha kuosha kahawa kando ya mto. Maganda na maji machafu, yote mtoni. Harufu? Weee. Hata ng'ombe alikunywa akiangalia kando.

Akina mama wakilalamika, chairman wa kiwanda, mtu wa kwetu huyo huyo, anacheka: "Si inaenda ziwani? Shida yenu nini?"

Agosti ikafika, kaka yangu Wekesa anatahiriwa.

Kwetu kijana anapelekwa mtoni alfajiri, anapakwa tope baridi mwili mzima, halafu anarudi nyumbani kusimama mbele ya kisu. Akitingisika, ukoo wote umeaibika. Na kurudi na njia ile mliyoendea ni mwiko.

Mtoni wasichana hatufiki. Tulingoja juu, lakini sauti ya babu ilitufikia.

"Hii tope inaniwasha mkono! Nimpake mtoto, ajikune mbele ya kisu, mseme ni mwoga?"

Jua nalo linakuja. Tope safi liko juu mtoni, kabla maji hayajafika kiwandani, na kwa vile kurudi nyuma ni mwiko, njia iliyobaki ni katikati ya kiwanda chenyewe.

Tukapita, bana! Kengele, nyimbo, kijana uchi, ukoo mzima na mbwa wao, katikati ya meza za kuanika kahawa. Zingine zikaanguka.

Chairman akatoka mbio. "Mzee! Unamwaga kahawa ya watu!"

Babu hata hakusimama. "Na wewe umeozesha mto ya watu. Kijana wako si anatahiriwa kesho kutwa? Utampaka nini?"

Chairman akaacha kahawa chini, akageuka kuangalia mto.

Wekesa akapakwa tope safi, akasimama kama nguzo. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake wanaume wa kiwanda walikuwa na majembe, wanachimba mashimo maji machafu yazame huko badala ya kuingia mtoni. Chairman mwenyewe alichimba, jasho mpaka kwa viatu.

Funzo langu: mtu wa juu huona uchafu siku mtoto wake anashuka kuoga. Na huko ziwani pia kuna watoto wa watu.

Nyinyi wa Kitale, Tongaren, mpaka huko ziwani, mto wenu uko aje? Semeni. Nasoma polepole, lakini nafika.